Shajara ya mradi: picha sita za kalenda, siku nne Mwanza

Jumatano 25 Juni 2025, Shinyanga, usiku

Naanza kuandika kabla sijapanda basi, ili baadaye nisije nikajidanganya kwamba nilijua tangu mwanzo ninachokwenda kutafuta.

Mradi wenyewe ni mdogo. Kila mwaka studio yangu inatoa kalenda ya ukutani kwa wateja, na kila mwaka nanunua picha za twiga na Kilimanjaro kutoka kwa watu wengine. Safari hii nimegoma. Kalenda ya 2026 itakuwa ya mawe na ziwa, vitu vilivyo mwendo wa saa tatu kutoka dukani kwangu. Picha sita, kila moja ikae miezi miwili. Siku ni nne tu, kwa sababu wiki ijayo nina harusi mbili na kipaimara, na harusi ndizo zinazolipa pango.

Jioni nzima nimeshinda na Google Earth. Nimeweka alama kumi na nne: Jiwe la Bismarck, Capri Point, vilima vya Isamilo, Bugando na Mabatini, kisiwa cha Saanane, Igombe, daraja jipya la Kigongo, na nyingine ambazo nikiangalia sasa sikumbuki niliziwekea nini. Nimeandika na saa za jua. Tarehe hizi Mwanza linachomoza saa 12:51 asubuhi na kuzama saa 12:49 jioni. Hapa karibu na ikweta jua halitui kwa madaha, linadondoka kama embe bivu. Ukibishana na tripodi dakika kumi, umekosa.

Wiki hii sikuichagua kwa bahati. Leo mwezi hauonekani kabisa, kwa hiyo usiku ni giza, na giza ndilo la wavuvi wa dagaa. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa, wavuvi wanapumzika, na mimi ningepiga picha ya maji meusi.

Begi: kamera yangu ya mtumba, lenzi ya mm 18–55, nyingine ya 55–250, betri tatu, tripodi yenye mguu mmoja unaoteleza. Droni sina, na hata ningekuwa nayo inataka usajili na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kitu ambacho hukimalizi kwa siku nne.

Alhamisi 26 Juni, Kirumba, saa 4 usiku

Vituo vilivyokaguliwa: 1. Picha za kalenda: 0.

Nilikaa dirishani upande wa kushoto wa basi ili jua la asubuhi liwe mgongoni kwangu. Kutoka Shinyanga ni mbuga tupu, halafu ukikaribia Misungwi mawe yanaanza kuota, moja moja, mengine yamebebana kama vyungu vya sokoni. Abiria wa pembeni yangu aliniuliza napiga nini huko nje wakati hakuna kitu. Nikamwambia mawe. Akacheka, akalala.

Nyegezi stendi saa sita mchana, gesti Kirumba saa nane, Bismarck saa kumi na moja. Nilianza na Bismarck kwa makusudi, kwa sababu ndiyo picha ambayo kila mtu anayo. Nikaona niitoe rohoni mapema.

Jiwe lenyewe ni zuri kuliko picha zake. Limekaa majini karibu na kivuko cha Kamanga, jiwe juu ya jiwe, na mnandi wamejipanga juu yake wakianika mabawa. Shida ni jua. Kwenye picha nyingi nilizowahi kuona, jua linashukia begani kwa jiwe. Leo lilikuwa mbali kulia. Ilinichukua muda kukumbuka kwamba mwezi huu jua liko kaskazini. Juni linazama nyuzi 23 hivi kaskazini ya magharibi, Desemba nyuzi hizo hizo kusini. Nyuzi 46 za tofauti, kwenye lenzi pana ni nusu ya picha na zaidi. Aliyepiga picha ile nzuri alisimama palepale nilipokuwa nimesimama, ila mwezi mwingine.

Dawa ni miguu. Jua likiwa kulia kwa jiwe, wewe sogea kushoto, jiwe litahamia kulia kulifuata. Nilisogea hatua kama arobaini, nikiomba radhi kwa watu waliokaa ukingoni, mpaka jiwe likaingia chini ya jua. Hapo simu inasema zimebaki dakika kumi na moja. Nikafungua tripodi, nikakaza mguu unaoteleza, nikainua macho, jua halipo. Simu haikukosea. Ilikuwa inahesabu kana kwamba ng'ambo ni tambarare, wakati ng'ambo kuna vilima, na jua lilishaingia nyuma yake.

Nimeandika kwa kalamu nyekundu: *saa ya simu ni ya uwandani.* Hapa milimani toa dakika kumi.

Halafu gesti, nakuza picha kwenye skrini, naona madoa meusi matatu angani. Vumbi kwenye sensa, kile kibamba cha ndani ya kamera kinachopokea picha. Kwenye harusi nafungua lenzi mpaka f/4 na madoa hayaonekani. Leo nimeiminya mpaka f/16 ili miamba yote iwe kali, na yametokea yote matatu kama nzi kwenye maziwa. Nimepuliza kwa pampu ndogo. Yamebaki mawili. Kesho sipiti f/8.

Ijumaa 27 Juni, Kirumba, saa 5 asubuhi

Vituo: 2. Picha za kalenda: 1, labda 2.

Hii naandika kwa urefu kwa sababu ndiyo iliyobadilisha mpango.

Saa 11:30 alfajiri bodaboda alinishusha Mabatini, chini kabisa ambapo barabara ya gari inakoma. Kuanzia hapo ni ngazi, na ngazi zikiisha ni mawe yaliyosuguliwa na miguu ya watu. Nyumba zimejengwa katikati ya majabali. Si pembeni yake, katikati: ukuta wa matofali unaanza pale jiwe linapoishia, na jikoni la mtu paa lake ni jiwe kubwa kama lori. Nilikuwa na alama kwenye ramani, "kilele, mandhari ya jiji." Nikapanda.

Saa 12:51 ikafika, jua halikufika. Nikangoja. Kilima chenyewe niliposimama kilikuwa kimelipa jua mgongo. Mwanga ulianza kugusa ng'ambo ya bonde, majengo ya hospitali juu ya Bugando, ukayapaka rangi ya chai ya maziwa, wakati huku kwetu bado kila kitu ni buluu na moshi wa mkaa. Hiyo tofauti ndiyo ilikuwa picha: juu ng'ambo kuna siku, chini huku bado ni alfajiri, na taa za nyumba zinawaka. Ilidumu kama dakika kumi na mbili. Mwanga ulinifikia mimi saa 1:20, nusu saa nzima baada ya saa ya simu, na ulipofika kila kitu kikawa sawasawa na cha kawaida.

Lakini kilele hakikufaa. Mbele kulikuwa na nguzo ya umeme na nyaya nne zinazokata picha katikati. Nilishuka kidogo kutafuta upenyo, nikajikuta kwenye ua wa mtu. Mama wa makamo, kanga kifuani, anatandaza nguo zilizofuliwa juu ya jabali. Mimi nimeshika kamera, mlango wa ua uko nyuma yangu, na sijapiga hodi.

"Shikamoo mama. Samahani, nimeingia vibaya."

"Marahaba. Umeingia kweli." Akaendelea kutandaza. "Na hiyo kamera unampiga nani?"

Nikamwambia sipigi mtu, napiga mawe na ziwa. Akasema mwaka jana alikuja kijana na kamera kama hiyo, akapiga nyumba yake, halafu mjukuu wake akaikuta hiyo picha kwenye simu imeandikwa maisha magumu.

"Magumu kwa nani? Nyumba nimejenga mwenyewe. Sisi hapa hatuishi kwenye taabu, tunaishi kwenye mawe."

Sikuwa na jibu. Nikaweka kamera begini, nikafunga zipu, nikamsalimu upya, safari hii kwa Kisukuma, mwangaluka mayu. Akaitika, akaniangalia vizuri kwa mara ya kwanza. Natoka wapi? Shinyanga. Shinyanga ipi? Tukaenda mpaka kwa babu. Nikamsaidia kutandaza mashuka mawili, ndipo nikagundua kwa nini anafulia asubuhi hivi: jabali linahifadhi joto la jana. Ukiweka kiganja saa moja asubuhi, wakati hewa ni baridi, jiwe ni vuguvugu kama mkate uliotoka kwa jirani. Nguo zinakauka chini na juu kwa pamoja.

Nililikagua jabali hilo kwa karibu. Si kijivu kama linavyoonekana kwa mbali. Lina punje za waridi, nyeupe na nyeusi zinazometa, na kwenye ubavu wake limebanduka ganda nene kama sentimita mbili. Mawe haya ya Mwanza ni ya zamani mno, zaidi ya miaka bilioni 2.5. Yaliganda chini ya ardhi yakiwa bado yameungana, yakapata nyufa, maji yakaingia kwenye nyufa na kula pembe kwanza kwa sababu pembe inaliwa pande tatu. Ndiyo maana yamebaki mviringo, na ndiyo maana yanapangana bila mtu kuyapanga. Udongo uliokuwa katikati ulichukuliwa na mvua. Haya niliyajua kitabuni. Kuyashika ni jambo jingine.

Ndipo mama akasema, "Kama unataka ziwa, huko juu ulikokuwa huoni kitu. Pita huku."

Nyuma ya jiko lake kuna mwanya kati ya majabali mawili, upana wa bega langu na kidogo. Ukipita unatokea kwenye jukwaa la jiwe tambarare, na hapo hakuna nguzo, hakuna nyaya. Mabati ya Mabatini yanashuka kama ngazi, mengine yana kutu, mengine mapya, halafu bonde, Bugando, na nyuma yake ziwa. Majabali mawili yanakaa kushoto na kulia kama mlango. Hakuna satelaiti ingenionyesha pale. Kwenye Google Earth ni doa la kijivu tu.

Mwanga ulikuwa umeshapanda. Nilipiga fremu chache za kukumbuka, nikaomba ruhusa ya kurudi Jumapili alfajiri. Akakubali kwa sharti moja: nimletee picha ya karatasi. "Si ya kwenye simu. Ya kushika."

Alama nane kwenye ramani nimezifuta niliporudi gesti.

Usiku huohuo, saa 7, nimetoka Igombe

Picha za kalenda: 2 kwa uhakika.

Mwezi mwandamo ulionekana jioni, wembe mwembamba, ulizama mapema ukatuachia giza. Igombe iko kaskazini ya jiji, kupita uwanja wa ndege, na ukiwa ufukweni pale mbele ni maji wazi. Kaka wa bodaboda alikubali kunisubiri, nikamnunulia chipsi mayai. Kumbe alikuwa mvuvi kabla ya pikipiki. Akaniambia enzi zake walitumia karabai, kila usiku moja inapasuka kioo, siku hizi ni balbu za betri zinazochajiwa kwa sola.

Taa zilianza kuwaka moja moja kuanzia saa mbili na nusu. Baada ya saa moja upeo wote wa macho ulikuwa mstari wa taa, ungesema kuna jiji jingine ng'ambo. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuacha shata wazi sekunde 25, kama nipigavyo nyota. Mtumbwi hautulii. Kila taa ikawa mdudu aliyejikunja. Nikashusha mpaka sekunde 4 na kupandisha ISO, usikivu wa kamera kwa mwanga, hadi 3200. Chenga zipo, lakini taa ni taa. Mguu wa tripodi uliteleza mara mbili, ya tatu yule kaka akatoa kipande cha tyubu ya baiskeli kwenye boksi la pikipiki yake, akaufunga. Haujateleza tena. Nilinunua tripodi hii kwa pesa nyingi dukani, na imetengenezwa na mpira wa bure.

Wadudu wa ziwani waliingia mpaka mdomoni. Lenzi nimeifuta mara sita.

Jumamosi 28 Juni, gesti, usiku

Vituo: 5. Picha za kalenda: 4.

Saanane asubuhi. Boti inaondokea Capri Point na kufika baada ya muda mfupi tu, hata chai haipoi. Kisiwa kina jina la Saanane Chawandi, mzee aliyekuwa akiishi pale kwa kulima na kuvua. Mwaka 1964 kikawa bustani ya wanyama, na mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa. Swala na pimbi nimewaacha wapite. Nilikwenda kwa mjusi.

Ni yule dume wa mawe, kuanzia kichwa mpaka mabegani ni mwekundu unaoelekea waridi, na kuanzia hapo mpaka mkiani ni buluu iliyokoza. Watalii wanamwita kwa jina la yule mtu wa buibui wa kwenye sinema. Jina lake la kisayansi, *Agama mwanzae*, limetokana na mji huu, na naona wenyeji hatujamtendea haki. Asubuhi mapema damu yake bado baridi, anajianika, hakimbii. Nililala kifudifudi juu ya jiwe, lenzi kwenye mm 250, nikasogea kiwiko kwa kiwiko. Kwa karibu utaona shingo yake imejaa miiba midogo, na jicho lina kope za magamba ya rangi ya dhahabu. Alinitazama, akapiga pushapu nne. Hivyo ndivyo wanavyowaambia wenzao kwamba jiwe lina mwenyewe. Nikapiga ile ya tatu, mikono imenyooka, ziwa nyuma yake limekuwa ukungu wa kijani. Hiyo ni Machi na Aprili, sitaki mjadala.

Kufikia saa tano mwanga ulikuwa mkali na mbaya. Nikarudi.

Jioni Kigongo. Daraja limefunguliwa na Rais Samia tarehe 19 mwezi huu, siku tisa tu zilizopita, na bado watu wanasimamisha magari kuliangalia. Urefu wake ni kilometa 3 hivi, na mimi niliyewahi kulala kwenye foleni ya kivuko pale naelewa kwa nini watu wanapiga picha na nguzo. Kwa upande wa picha: linakwenda karibu mashariki–magharibi, na kwa kuwa jua la Juni linazama kaskazini kidogo, simama upande wa kusini wa daraja ndipo jua lishuke nyuma yake. Upande mwingine utapata daraja lenye mwanga na anga tupu. Safari hii niliondoa zile dakika kumi, nikawa tayari mapema, na jua lilipoingia kwenye vilima vya Busisi tripodi ilikuwa imesimama tangu zamani. Vumbi la kiangazi, ambalo mchana lilifuta kila kitu cha mbali, jioni liligeuka rangi ya ubuyu. Nilimuuliza askari aliyekuwepo kama naruhusiwa, akasema piga, usisimame barabarani.

Capri Point nilipita njiani wakati wa kurudi. Pazuri, pana hoteli, pana vijana wanaopiga picha za kuagana na chuo. Sikuona kitu cha kuongeza.

Jumapili 29 Juni, ndani ya basi

Saa 11:40 alfajiri nilikuwa mlangoni kwa mama, nikapiga hodi kama binadamu. Mjukuu akanifungulia. Kwenye mwanya kulikuwa na giza, nikapita ubavu, nikafunga tripodi na tyubu yake kwenye lile jukwaa. Mpaka saa 12:51 sikuangalia simu, niliangalia Bugando. Mwanga ulipogusa paa la juu kabisa nikaanza, fremu moja kila nusu dakika, f/8, na mara hii nilikuwa na mabati yenye umande mbele, taa za jikoni bado zinawaka, moshi umelala bondeni, ziwa nyuma limeanza kung'aa. Kwenye fremu ya kumi na tisa mjukuu akapita chini na ndoo ya maji kichwani. Sikumpanga. Nilimuuliza yeye na bibi yake kama wanaruhusu iingie kwenye kalenda, na mama akataka kwanza kujua chini itaandikwa nini. Nikasema, "Mabatini, Mwanza." Basi? Basi.

Niliomba studio moja mjini inichapie nakala ya inchi 8 kwa 12. Dada alifungua saa nne, nikapanda tena ngazi saa tano na nusu na bahasha mkononi, jua la utosi, jasho mpaka viatuni.

Mama alifuta mikono kwenye kanga, akaishika picha kwa pembe mbili, akaipeleka mlangoni penye mwanga. Alikaa kimya muda mrefu. Nikadhani anaangalia ziwa.

"Hii bati hapa," akasema, kidole juu ya paa moja lenye kutu upande wa kushoto, "nilimwambia baba yenu toka mwaka juzi kwamba inavuja. Sasa ataiona mwenyewe."

Akamwita mumewe.

Picha za kalenda: 5. Ya sita, Bismarck, narudi Desemba, jua likiwa upande wa pili.